Homa Iliyoshuka

4 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umepungua kuuma. Sisi hatujambo, ila nywele za Chiriku zimeanza kubaki kwenye mto. Anazikusanya, anamshonea mdoli wake wigi. Bibi hacheki.

Jana daktari alipomaliza kumtundikia dawa aliniuliza kama nina swali. Nilikuwa nayo saba, nikasema sina. Zamani huyu mdogo wangu ndiye aliyenisemea hata dukani, lakini sasa mdomo wake una vidonda na anaongea kwa vidole. Kwenye simu siwezi kukueleza, Bibi husimama begani kwangu. Lakini swali moja limenikaa: dawa ikishaingia mkononi, inajuaje saratani iko wapi kwenye damu?

Mwanao mkubwa

11 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo ni uleule, mashuka ya hoteli hayaishi, ila mimi mzima. Ningekuwa hapo mwenyewe, lakini bima ya matibabu imefungwa kwenye kazi hii, unajua.

Umemaliza shule juzi na bado unamwogopa mtu kwa sababu ana kalamu mfukoni? Sikucheki sana, umerithi kwangu. Siku walipotutajia ugonjwa niliitikia kama nimeelewa, nikatoka sijui hata neno. Basi fanya hivi: kila safari uliza swali moja tu, kisha niandikie jibu. Nami nataka kujua.

Mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo. Vidonda vya Chiriku vimepona na kelele zimerudi. Nina majibu mawili.

Dawa haijui. Inapiga chochote kinachozaliana haraka: saratani, nywele, ngozi ya mdomo. Chiriku akasema, "Kwa hiyo ni kipofu?" Daktari akajibu, "Kipofu mwenye nguvu."

Jibu la pili ni la kipimajoto. Dawa imeangusha hata askari wa damu wanaopigana na vijidudu, kwa hiyo homa inaweza kuwa dalili pekee ya hatari. Ikifika thelathini na nane twende mara moja, wala tusimpe kitu cha kuishusha. Nikauliza, hata ikishuka yenyewe? Hata ikishuka. Nilimweleza Bibi, akaitikia kama mtu anayesikiliza redio.

Mwanao mkubwa

29 Aprili

Mama, shikamoo. Najua Bibi alikupigia simu kwamba tulilazwa siku tisa na tumetoka. Hakukwambia ilivyoanza, ila ameniruhusu nikuandikie.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Chiriku amelala, jasho linamtoka.

"Alikuwa na homa kidogo," Bibi akasema. "Nimempa dawa ya maji, imeshuka. Usimwamshe."

Nikampima. Thelathini na sita na nusu.

"Kabla ilikuwa ngapi, Bibi?"

"Thelathini na nane na kitu. Mjukuu wangu, nimelea watoto sita mimi."

Nikasema tunaondoka. Akasema nina kiherehere, nitamtoa mtoto juani bure. Sijawahi kumjibu Bibi, Mama. Siku hiyo nilimjibu: "Homa haijaondoka. Imefichwa tu." Nikambeba Chiriku mgongoni.

Karani wa mapokezi alimpima, akasema hana homa, tukae kwenye benchi. Nilikaa labda dakika mbili. Nikarudi dirishani na watu wote wakinisikia nikasema ana saratani ya damu, kinga iko chini, saa nane alikuwa na thelathini na nane na amepewa dawa ya kuishusha. Karani aliinuka kabla sijamaliza.

Damu yake ilikuwa tayari na vijidudu. Daktari alisema, "Mngengoja hadi Jumatatu," akaishia hapo. Safari hiyo sikuuliza.

Bibi alilia. Usimgombeze. Sasa kipimajoto anakilinda yeye, anatupima mpaka mimi.

Mwanao mkubwa

12 Mei

Mwanangu, marahaba. Barua yako ilikaa siku tatu kwenye mfuko wa aproni yangu. Ilikuwa nene, nikauogopa unene wake. Mwenzangu wa mashine ya pasi ndiye aliyeifungua. Aliisoma kimya, kisha akasema, "Soma mwenyewe, hakuna msiba humu. Na huyo binti yako muache ang'ang'anie madirisha ya watu."

Bibi sitamgombeza. Mimi nisingejua hata la kumwambia karani.

Kuna swali ambalo sijawahi kuliandika. Unalijua. Ukiweza, uliza. Ukishindwa sitakulaumu, maana mimi nimelishindwa tangu siku ya kwanza.

Mama yako

22 Mei

Mama, shikamoo. Niliuliza.

Nilitaka Chiriku atoke nje kwanza. Alikataa, akasema damu ni yake. Basi nikauliza mbele yake: atapona?

Daktari aliweka kalamu mezani. Akasema vipimo vya mwezi huu havikuona saratani. Watoto wengi wenye ugonjwa wa aina yake hupona kabisa, lakini si wote. Vimebaki vidonge vya kumeza nyumbani kwa miaka miwili, na kabla ya hapo yeye hatasema amepona. "Leo naweza kukwambia anaelekea huko," akasema. "Nikiongeza neno nitakuwa nakudanganya."

Chiriku akahesabu kwenye vidole. "Kwa hiyo darasa la kwanza naingia mgonjwa, la tatu naingia mzima?"

"Huenda."

"Sawa. Ila la kwanza lenyewe nitakwenda?"

"Muhula ujao."

Akashuka kitini, akaniambia twende, kama mtu ambaye mabegi yake yako mlangoni.

Mimi sikujua kama nimefurahi. Njia nzima niliyarudia maneno ya daktari kimoyomoyo, nisije nikayapunguza au nikakuongezea matumaini ya kwangu. Ndivyo alivyosema, Mama. Anaelekea huko.

Mwanao mkubwa