Injini niliyoizima kwenye mteremko wa Nzilo

Jumamosi, mwezi wa nane, saa kumi na moja jioni. Upepo wa leo umebeba vumbi la mashimo ya mgodi mpaka ndani ya sahani zetu. Goti langu la kulia limevimba na kiwiko hakikunjiki vizuri. Naandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Mnaonisoma mtanivumilia: hasira yangu leo itakwenda polepole, na safari hii haimtafuti kiongozi yeyote.

Inanitafuta mimi.

Kesho asubuhi mama anakwenda kumwona dada yake mkubwa, katika kijiji kilicho ng'ambo ya bwawa la Nzilo. Hawajaonana miaka mitatu. Daraja la mbao lilichukuliwa na mvua, gari halipiti tena, pikipiki tu ndiyo inayopenya, na huko simu haikamati. Wiki tano zilizopita mvuvi mmoja alileta ujumbe kwamba mama mkubwa hainuki tena kitandani, na kwamba anamwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Mama hakulia. Aliniuliza tu tunakwenda lini.

Kila mtu alinishauri nimpandishe nyuma ya manseba, kama tunavyowaita hapa Kolwezi madereva wa pikipiki za abiria. Lakini mwaka jana, kwenye ukurasa huu huu, niliandika makala ndefu dhidi yao. Niliwaita wauaji wenye kofia za sufu. Nilitaja dhambi zao moja baada ya nyingine, na ya tatu ilikuwa hii: wakifika kwenye mteremko wanazima injini, wanaiacha pikipiki iteremke yenyewe, ili waokoe kijiko cha mafuta. Makala ile ilisomwa sana. Mimi mwenyewe niliirudia mara kadhaa, kwa raha. Mtu aliyeandika vile hawezi kumkabidhi mama yake kwa manseba.

Kwa hiyo nilinunua pikipiki yangu mwenyewe, nikiwa na miaka hamsini na mitatu.

Ni ile aina ndefu, yenye taa na namba kama za mjini lakini matairi ya meno makubwa, inayokubali lami na pori. Ilipitia mpakani Dilolo ikitoka Angola, tayari imetumika. Nikiikalia, ni vidole vya miguu tu vinavyogusa ardhi. Nimesoma vitabu vingi, na nimegombana na vingi zaidi, lakini hakuna kilichonieleza mtu anahisi nini gurudumu la mbele linapozama kwenye mchanga na kuchagua njia yake lenyewe.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kelele za injini zinanitisha. Inaponguruma chini yangu, naona kama ina neno la kunishinda, na mimi sikuzoea kushindwa kwa maneno.

Anayenifundisha ni Mama Ntumba, jirani yetu, mjane wa rika langu, muuza samaki wakavu. Mara tatu kwa wiki anapanda pikipiki yake kuwafuata wavuvi wa Nzilo, na anarudi na magunia mawili nyuma. Kwa Jumamosi nne amenizungusha kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya mtaa wa Musonoi, akirudia masharti yake. Simama juu ya vikanyagio. Legeza mikono, acha pikipiki itikisike chini yako. Tazama mbali, ukilitazama shimo, utaliingia. Kwenye mteremko tia gia ya pili, acha injini iwake, yenyewe itakushikilia. Hilo la mwisho alilirudia mpaka nikamkatiza. Nilimwambia nimeliandikia makala.

"Kuandika, umeandika, Tata wa bitabu," alinijibu; ndivyo anavyoniita, baba wa vitabu. "Sasa mikono yako ilisoma?"

Leo ilikuwa siku ya kupimwa. Tulipatana hivi: nikiteremka mteremko mrefu wa njia ya Nzilo na kuupanda tena bila kuanguka, kesho mama anakaa nyuma yangu.

Tuliondoka saa mbili. Njia ile tunaigawana na kamyo, malori makubwa ya mgodi, na kila moja inayopita inakuachia dakika nzima ya upofu. Unashika usukani, unafunga mdomo, unaomba nyingine isiwe nyuma ya ile. Nilisimama juu ya vikanyagio mpaka mapaja yakawaka. Mikono niliyoambiwa niilegeze ilikuwa imekaza kama ya mtu anayezama. Lakini nilifika juu ya mteremko bila kuanguka, na nikaanza kujisifu.

Mama Ntumba alitangulia. Aliteremka bila haraka, kisha akasimama kule chini kunisubiri.

Ndipo kamyo moja ikapiga honi nyuma yangu. Mbele kulikuwa na mteremko, nyuma kulikuwa na tani za mawe, na chini yangu injini ilikuwa inapiga kelele. Nilianza kuteremka. Mkono wangu ukazungusha ufunguo.

Ukimya.

Nieleze ukweli wote: ulikuwa mtamu. Nilisikia upepo, nikasikia matairi yakitafuna kokoto, na kwa muda wa pumzi tatu hivi nilikuwa bwana wa njia. Halafu rangi ya ardhi ikabadilika. Wakazi wote wa hapa tunaijua kamyo ya maji, ile inayonyunyiza barabara za mgodi kutuliza vumbi, na tunajua kwamba ikishapita, udongo mwekundu unageuka sabuni. Ilikuwa imetoka kupita.

Nilibana breki. Pikipiki isiyo na injini haina kingine cha kuizuia. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, likaanza kunipita ubavuni, nikaona bwawa, kisha mbingu, kisha tope. Nilianguka upande wa kulia, pikipiki juu ya mguu, na tukateleza pamoja. Nyuma yangu nikasikia breki za kamyo zikipuliza hewa, zikipuliza, zikipuliza.

Ilisimama. Baadaye nilipima kwa hatua nafasi iliyobaki kati yetu. Zilikuwa sita.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Tata, unatafuta nini apo chini?"

Sikuwa nautazama mguu wangu. Nilikuwa nakitazama kiti cha nyuma.

Mama Ntumba alipanda mteremko mbio. Alishirikiana na dereva kuninyanyulia pikipiki, lakini hakuniuliza kama nimeumia. Aliinama, akaugusa ufunguo, akaniangalia.

"Ulizima."

Nilimwambia ni maji. Nilimwambia wanamwaga maji bila kuweka hata kibao, kwamba huko ni kucheza na roho za watu, kwamba nitaandika.

"Na miye nilipita mu ile maji," alisema. Kisha: "Utamuambia mama yako weye, ao mi?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naandika kichwani. Makala dhidi ya kamyo ya maji. Ingekuwa nzuri, na nusu yake ingekuwa kweli. Nilikuwa nimeshapata sentensi ya kwanza nilipofika nyumbani na kuisukuma pikipiki uani.

Mama alikuwa amekalia benchi, mguu huku na mguu huku. Chini ya kitenge chake alikuwa amevaa suruali ya marehemu baba, ameikunja miguuni mara mbili. Mikono yake ilikuwa mbele, imeshika hewa, mahali kitakapokuwa kiuno changu. Ana miaka sabini na minne, na alikuwa anajifunza. Pembeni palikuwa na furushi la kumpelekea dada yake, tayari limefungwa: sabuni, sukari, kitenge kipya.

Makala yangu ilifia hapo.

Nilimwambia yote. Ufunguo, maji, hatua sita. Nikamwambia na lile la kelele, ambalo hata marehemu mke wangu hakulijua. Mama alinisikiliza akiwa bado juu ya benchi. Alipomaliza kunisikiliza, alilitazama goti langu, kisha akaniangalia usoni.

"Weye unaandikaka makosa ya batu bote," alisema. "Na hii utaandika?"

"Nitaandika, Mama."

"Leo?"

"Leo."

Alishuka benchini taratibu. Akaniambia nimwite mama wa samaki. Mama Ntumba alikuja, akamtazama mama toka kichwani mpaka kwenye suruali ya baba, akasema huyu ni mwepesi kuliko gunia moja la samaki, na kwamba wataondoka mapambazuko, kabla kamyo ya maji haijaanza kazi. Niliona aibu ikinipanda, nikangoja niambiwe nibaki nyumbani. Kusema kweli, nilitamani niambiwe.

Mama aliweka kitambaa cha maji ya moto kwenye goti langu, akalikunja mara moja, mara mbili, mpaka akaridhika kwamba linakunjika.

"Mi nitaikala nyuma yake," alisema, akimwonyesha Mama Ntumba kwa kidevu. "Na weye utafwata. Moteri iwake njia yote, nisikie kama uko."

Basi nimeandika. Manseba wanaonisoma, na najua mpo kwa sababu mlinitukana vya kutosha, ile dhambi ya tatu ina jina langu pia sasa. Dhambi zenu nyingine bado zipo, tutazizungumza nikipona.

Jua linashuka nyuma ya vilima vya mabaki ya mgodi na goti linapiga kama moyo. Kesho kwenye mteremko ule nitakuwa wa mwisho, nikila vumbi lao, gia ya pili, na kelele yote ile chini yangu. Mbele, mwanamke mzee aliyevaa suruali ya mumewe atakuwa ameitegea sikio.

Ufunguo sitaugusa.