Kesi ya Mpaka Usiokuwapo

3 Machi

Binti yangu mpenzi,

Niwie radhi kwa ukimya wa tangu mwaka jana. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeingiwa na kiburi. Natumaini wewe na wateja wako wa miwani hamjambo.

Sikuandika kwa sababu sikuwa na habari. Kila Alhamisi asubuhi nafungua ukumbi wa baraza, kama alivyofanya babu yako, nakaa kitini na kungoja wenye mashauri. Hawaji. Siku hizi wanakwenda ofisi ya ardhi, ambako kuna feni. Adhuhuri nafunga. Vyumba vingi vya nyumba nimevifunga pia. Nalala chumba cha mbele, karibu na redio.

Sasa kampuni ya maua inataka kukodi shamba lote, pamoja na nyumba. Chifu anayekodisha nyumba ya uchifu amejiuzulu, hata asiposema. Wewe ndiye mtoto wangu wa pekee. Nieleze waziwazi: utarudi ukikalie kiti hiki, au nikodishe?

Baba yako

19 Juni

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Swali lako nimekwenda nalo kazini na kurudi nalo. Mimi mzima. Pole kwa goti.

Sitakudanganya. Kutwa nachonga vioo vya miwani. Jioni napanda ngazi, nafungua mlango, na hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Kwa hiyo uliposema hawaji, nilikuelewa. Lakini kuamua ugomvi wa watu siwezi, Baba. Hata wateja wakigombania foleni, namwita meneja. Kodisha, uje tukae wote. Chumba kipo, dirisha lake linatazama ukuta, ila redio inashika.

Msimamizi wa shamba ameniambia baraza limeanza kupata watu. Nimefurahi sana.

Bintiyo

28 Agosti

Binti yangu,

Salamu nyingi. Goti limepona, kiburi chake kimehamia la kulia.

Ni kweli, watu walikuja. Wapangaji wetu wawili, mfuga nyuki na fundi baiskeli, walileta shauri la mpaka. Mmoja alidai kwamba mwenzake amesogeza ua na kumega ardhi yake. Walirushiana maneno makali, ingawa fundi alikuwa akificha kicheko ndani ya kofia. Niliwasikiliza hadi mwisho. Mashamba yao hayapakani, mwanangu. Katikati kuna kijito na shamba la mjane. Mipaka hiyo niliitembea na babu yako kabla hawajazaliwa.

Sikuwaumbua. Nilihukumu kwamba wote wana makosa, na adhabu yao ni kuja kunywa chai nami kila Alhamisi mpaka wapatane. Mpaka leo hawajapatana.

Nilimbana msimamizi, akakiri kwamba wewe ndiye uliyempigia simu ukamwomba anitafutie watu. Sikukasirika. Nilikwenda chumba chako cha zamani humu nyumbani, nikafungua dirisha, nikakaa. Umenitafutia watu wa kuja kwangu, mwanangu, ukamsahau mmoja.

Kampuni inataka jibu kabla ya mvua. Alhamisi hii wagomvi wangu watakunywa chai kwanza. Kisha nitashuka kitini, niketi kwenye benchi la wadai, na kuwasomea shauri langu mwenyewe: nikodishe nije kwako, au nibaki. Likishaamuliwa, nitakuandikia.

Baba yako