Maji ya Mwenyekiti

Murusagamba,
Jumamosi asubuhi

Mpendwa dada Bonifasia,

Shikamoo dada. Natumaini mguu wako umepata nafuu na mahindi ya huko Runazi hayajamalizwa na ngedere. Huku kwetu miili ni mizima, ila moyo wangu haukai. Naandika nimesimama jikoni, maharage yako motoni, na kila mlango ukilia nakunja karatasi. Kupiga simu siwezi, nyumba hii siku hizi ina masikio.

Ni shemeji yako Idefonsi. Unakumbuka siku aliyochaguliwa mwenyekiti wa kigango, kanisa letu hili dogo: alijificha kwenye migomba, wazee wakaenda kumtoa kama mtoto aliyevunja chungu. Alisema hafai. Jumapili alikuwa akifagia kanisa mwenyewe kabla watu hawajafika. Huyo ndiye mwanaume aliyenioa.

Mambo yaligeuka msimu huu, kwenye mbegu. Unaijua desturi yetu, hakuna anayepanda kabla mbegu hazijabarikiwa. Watu walileta vikapu vya maharage kanisani, mvua imeshaanza, padre hafiki. Barabara ilikatika kule mtoni. Alimpigia Idefonsi akamwambia awatangazie watu wapande tu, yeye atakuja kuyabariki mashamba. Idefonsi hakuwatangazia. Alivaa shingoni stola ya padre, ile anayoivaa akibariki, iliyokuwa kabatini, akachukua maji ya baraka, akanyunyizia vikapu. Watu wakapiga vigelegele, nami nikapiga, maana nilidhani ametumwa.

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Melania, umeona? Hakuna hata aliyemuulizia padre." Hapo nikajua hakutumwa.

Padre alipokuja hakumgombeza mbele za watu. Alikaa naye sebuleni kwetu, akanywa chai, akamwomba kwa upole arudishe stola, na Jumapili aseme mwenyewe alichokificha, yaishe. Angesema tu, dada! Watu wa huku tunasamehe hata mwizi wa mkungu wa ndizi. Yeye akajibu kwamba baada ya maji yale Mungu aliongeza mvua, na kama Mungu hakukasirika, padre anakasirika kama nani? Padre akamvua uenyekiti. Idefonsi akakataa kutoa ufunguo wa kanisa.

Kisha mvua ikakatika, maharage yakanyauka yakiwa kwenye maua. Sisemi ni adhabu, mvua huwakatikia hata watakatifu. Lakini aliyejisifia mvua, jua atalikataaje? Watu walinong'ona, kisha wakaanza kwenda kusali kigango cha jirani. Hata Juvenali, rafiki yake tangu ujana, ameondoka. Nilimsihi aombe radhi, akasema mwanamke haelewi uongozi. Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu wangu limeshavunjika, bado anataka kulitembelea. Juzi tu aliniambia kwamba akisali siku hizi ni kama anausemesha ukuta. Nilimhurumia mpaka nikalia. Nikadhani amelainika, kumbe wapi.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Irine wetu alikuja kujifungulia hapa, hilo unalijua. Baba yake ametangaza kwamba kesho atambatiza mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe, ili waliomkimbia warudi waone kwamba Mungu bado yuko naye. Padre amemkataza tena. Amemkumbusha kwamba asiye padre hubatiza pale tu mtoto anapokuwa kufani, na huyu wetu ni mzima, ananyonya mpaka mama yake anapiga kelele. Idefonsi akakata simu. Ameshaalika kijiji kizima, na watakuja, maana watu wanapenda kuona.

Ndiyo sababu barua hii sikumpa konda wa basi. Aliyekukabidhi ni Irine mwenyewe, na aliye mgongoni mwake ndiye mtoto huyo. Wapokee, dada. Clever, mumewe, anajua, atawafuata. Idefonsi nimemwambia wanakwenda kulala kwa mkwe wake Irine kule Murukulazo, na kesho watakuja moja kwa moja kanisani. Ni uongo, na nimeusema mimi.

Mimi siji. Kesho nitakaa benchi la mbele, nimevaa kile kitenge ulichonipa. Atasimama pale na stola yake na beseni la maji, watu wamejaa, mtoto hayupo. Atanitazama. Nitasimama niseme mbele yao wote kwamba ni mimi niliyemwondoa. Huenda atapiga magoti, huenda atanifukuza. Naogopa, dada, na shida yangu ni kwamba bado nampenda. Lakini akianguka, sitaki aangukie juu ya mtoto.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaonikumbuka. Mtoto hapendi kulazwa chali. Asimwagiwe maji kichwani na mtu yeyote, hata kwa mzaha, mpaka tumpeleke kwa padre. Na ule mkeka wa wageni usiukunje, maana sijui kesho nitalala wapi.

Ni mimi mdogo wako, ninayetetemeka ila sirudi nyuma,

Melania