Mti wa Krismasi Umefika Mwezi wa Tano

Mshauri mpendwa,

Salamu nyingi. Naomba unisaidie, na ukishamaliza kucheka tafadhali unijibu, maana hapa nyumbani kila anayeingia anacheka na hakuna anayenipa jibu.

Mimi napiga pasi kwenye duka la dobi, mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, kazi yake ni madaraja, na madaraja hayajengwi mlangoni kwa mtu, kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu yeye yuko mbali, anarudi Krismasi, anakaa wiki mbili, anaondoka. Binti yetu ana miaka sita, tunamwita Kinanda kwa sababu akishaanza kusema hanyamazi. Mwaka juzi aliniuliza baba ataondoka lini, mimi nilikuwa na mikono yenye sabuni na siku hiyo sikuwa na nguvu za machozi ya mtu, nikamjibu, "Mti ukishushwa." Haukuwa uongo sana, mshauri. Kweli mti wetu, ule wa plastiki wa kukunja, huwa naushusha siku ile ile ninayompangia baba yake begi, kwani mimi nikianza kupanga napanga vyote, mti unaingia kwenye boksi lake juu ya kabati, nguo zinaingia kwenye begi, na alfajiri mume wangu anaondoka mtoto akiwa amelala. Tunafanya hivyo makusudi ili asilie. Akiamka hakuna mti na hakuna baba, na ameshaamka hivyo mara mbili.

Sasa Krismasi iliyopita daraja lilikuwa limekwisha na kampuni haikuwa na kazi nyingine, wakamwambia asubiri kuitwa, akabaki nyumbani. Na mwaka huo, kwa shughuli za hapa na pale, mimi sikuwahi kuushusha mti. Kinanda akaona ameshajua kilichombakisha baba yake.

Ndiyo maana mti umesimama kati ya televisheni na friji tangu Desemba na leo tuko mwezi wa tano. Mtoto ameufunga kwenye nondo za dirisha kwa mkanda wa gauni lake la shule, anaufuta vumbi kwa soksi, taa zake nikizizima anaziwasha. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aligusa pambo moja tu akifagia, mtoto akapiga yowe mpaka jirani akaja mbio. Jirani huyo kila akija kuazima kitu anauliza, "Hii ni Krismasi iliyopita au ijayo?" Mume wangu yeye anaona ni utoto tu, anasema, "Mwacheni mwanangu na mti wake, kwani unakula chakula?" Anasema hivyo kwa sababu hajui nilichomwambia mtoto, na mimi nimeona aibu kumweleza.

Kilichonitoa machozi ni Jumapili moja mwezi uliopita. Watoto wa wifi yangu walikuja, wakacheza mpira humo humo ndani, mpira ukaupiga mti, ukaenda chini pamoja na mkanda wake. Mimi nikajua leo patachimbika. Kinanda hakulia wala hakugombana na mtu, alikimbia moja kwa moja bafuni, baba yake alikuwa ananyoa ndevu, povu mashavu yote, mtoto akasimama mlangoni akimtazama. Baba akamwuliza, "Vipi mama, unataka nini?" Akasema, "Sitaki kitu." Akakaa pale mpaka ndevu zikaisha, ndipo akarudi kuusimamisha mti.

Mshauri, mume wangu ameitwa. Ni daraja jipya, mbali kuliko yote, na mwisho wa mwezi huu anaondoka, na hatuwezi kukataa kwa sababu tangu Januari nyumba nzima inaishi kwa pasi yangu. Mama mkwe anasema, "Mtoto akiwa shule tunautoa, akirudi tunamwambia umechakaa. Atalia siku mbili, atasahau. Wa kwangu wote walilia wakasahau." Wifi anasema uachwe hivyo hivyo, baba aondoke, mtoto ataona mwenyewe kwamba mti hauna kazi. Mimi najiuliza, nikiushusha si atasema mama ndiye aliyemfukuza baba, na nikiuacha na baba akaondoka, si atajilaumu kwamba hakuufunga vizuri? Kila siku natoka kazini nimeazimia, leo liwalo na liwe, nafungua mlango namkuta mume wangu amekaa chini na mtoto wanakula, mti uko nyuma yao, napita zangu kwenda kubadili nguo. Naomba uniambie, huu mti niufanye nini?

Ni mimi, mpiga pasi.

JIBU

Dada mpiga pasi,

Nimecheka, sikufichi, na nikaacha kucheka nilipofika bafuni. Pole sana.

Sasa uvumilie nikugombeze. Mtoto alikuuliza siku, wewe ukampa mti. Ungemtajia siku yenyewe angelia nusu saa, ungemfuta kamasi, yangekwisha. Ulikwepa nusu saa, umepata miezi mitano. Lakini hilo nakusamehe, sote tumeshajibu watoto ovyo tukiwa na sabuni mikononi. Kinachonikera ni huko kumtoroka alfajiri. Eti asilie! Alilia vilevile, ila baba yake hakuwepo kumbembeleza.

Mama mkwe umheshimu, lakini kwa hili usimfuate. Hao watoto wake hawakusahau, waliacha tu kumwambia. Mmoja wao unalala naye chumba kimoja, muulize. Na wifi naye ana haraka. Mtoto akiona baba kaondoka na mti umesimama, hatasema mti hauna kazi. Atasema kuna mahali alikosea yeye.

Kwanza, mumeo aambiwe leo. Mficha uchi hazai. Mweleze neno ulilosema, lini na kwa nini, bila kujipamba. Atashangaa, pengine atakasirika, muache akasirike, na baada ya hapo mtakuwa wawili.

Kisha msingoje mwisho wa mwezi. Jumamosi hii hii, baba mwenyewe akae chini na binti yake waushushe mti. Kinanda afungue fundo lake kwa mkono wake, wakunje matawi, boksi lipande juu ya kabati. Halafu baba asiende popote. Jioni ale naye, Jumapili asubuhi mtoto aamke amkute mezani anakunywa chai, Jumatatu ampeleke shule. Atachungulia, tena sana, atafungua milango, muacheni achungulie. Mtoto huyu hakusadiki kwa maneno, aliona kwa macho kwamba mti na baba huondoka pamoja. Basi aone kwa macho kwamba mti umeondoka na baba yupo. Mhubiri wa kuyashinda macho yake hayupo.

Akishatulia ndipo mumtajie siku ya safari, na sababu, kwamba ni kazi, na kwamba wakubwa ndio walioamua. Siku yenyewe mwamsheni hata kama kuna giza. Alie begani kwa baba yake. Fulana italowa, nawe unajua kupiga pasi.

Sasa tuje kwako, maana barua yako imesema zaidi ya ulivyokusudia. Mti ni wa plastiki. Umefungwa kwa mkanda wa gauni. Mwenye mkanda ana miaka sita na kutwa yuko shule. Unataka niamini kwamba mwanamke anayeinua pasi ya dobi tangu asubuhi ameshindwa na fundo la mtoto? Wewe nawe hutaki ushuke, dada. Miezi hii mitano ndiyo mara yako ya kwanza kukaa na mumeo kama watu wengine wanavyokaa na waume zao, fedha hazitoshi na bado umefurahi, na unaona haya kufurahi. Usione haya.

Ila yeye anajua? Kabla ya hiyo Jumamosi mwambie, kwa kinywa chako, "Sitaki uondoke." Kazi ataifuata, najua, hamna njia nyingine. Lakini miaka yote hii amekuwa akipangiwa begi vizuri na mke asiyesema neno, na huenda anadhani mmeshazoea kuishi bila yeye.