Kibuyu cha Kwanza cha Chonyonyo

Mama Neema wangu,

Ninakusalimu kutoka huku kijijini Chonyonyo nikiwa nimeshiba ndizi hadi vifungo vya shati vinalalamika.

Mwenyeji wangu Rwiza hasemi na mdogo wake wa shamba la jirani. Mdogo mtu alitengeneza rubisi, ile pombe ya ndizi, na kibuyu cha kwanza akampelekea katekista badala ya kaka yake. Jumamosi Rwiza anamwoza binti, na baba mdogo hajaalikwa.

Jana akaniuliza, “Mwalimu, nimwite au nisimwite?”

Unakumbuka nilivyofundisha ushauri nasaha: mtu anayo majibu yake moyoni, nasi tumpokee bila kumhukumu, kisha tumrudishie hisia zake, kama kioo. Basi nikasema kwa upole, “Uliumia aliposahau kwamba wewe ni mkubwa wake.”

“Si ndivyo nilivyokwambia?”

“Na unaona hukuheshimiwa.”

“Mwalimu, nimekulisha siku nne. Jibu unalo au huna?”

“Unatamani sana kujibiwa.”

Akachukua kofia. “Afadhali niende kwa yule mpumbavu. Yeye angalau atanitukana.”

Walitukanana mpakani hadi mvua ikawakimbizia jikoni kwa mdogo mtu. Rwiza alirudi ananukia rubisi, na Jumamosi baba mdogo atakaa kiti cha mbele.

Sasa anawaambia majirani kwamba mimi sina jibu hata moja. Nimempokea bila kumhukumu.

Nimekukumbuka, mke wangu. Nikirudi, ukiniuliza kama chumvi imezidi, nitakujibu.

Baba Neema