Si Papa Ninayemwogopa

Jumapili, 7 Septemba 2025

Wageni wameondoka saa kumi. Miguu imenivimba lakini uso niliubeba juu. Kina Jalal wamemkubali mjukuu wangu Umaima, harusi ni Disemba. Mamake Jalal, Jannat, alikaa kwenye kiti changu kizuri akichokora pilau kama mtu wa afya aliyekuja kukagua hoteli. Wanaume walipotoka kwenda kuswali akaniuliza yale ambayo wanawake huulizana – kwenu hakuna ugonjwa wa kurithiana? Wazimu, pumu, kifafa? Nikamwambia hakuna hata mafua. Akacheka. Na mimi nikacheka.

Jioni, sufuria hazijakauka, Umaima ananiambia ati kabla ya harusi anasafiri. Wapi? Afrika Kusini. Kufanya nini? Kuogelea na papa. Nikamwambia rudia. Akarudia. Kumbe kuna watu huteremshwa baharini ndani ya kizimba cha chuma, papa wanazunguka nje. Yeye hicho kizimba hataki. Anataka aingie hivyo hivyo, yeye na samaki, macho kwa macho.

Papa mimi namjua mkavu, wa kununua kwa kilo na kuloweka mpaka chumvi itoke. Nimezaliwa Bondeni hapa hapa Nakuru. Bahari nimeiona mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeenda matanga.

Nimemwambia haendi. Akasema ndiyo, Nyanya. Hiyo ndiyo-Nyanya yake naijua. Ni hapana iliyovaa buibui.

Jumanne, 9 Septemba

Amekuja Jepleting, yule rafiki yake wa kazini. Wote wawili wanafundisha watoto kuogelea kwenye hoteli huko juu. Msichana wa Elburgon, kwao mbao na baridi, maji mengi aliyoyaona ni ya bwawa la hoteli. Naye anaenda. Walitandaza makaratasi kwenye meza yangu kama wabunge.

Mpango wenyewe ni wa kimaskini. Ndege hapana, ni ghali. Basi kutoka Nairobi, Tanzania yote, Zambia, Zimbabwe, mpaka Johannesburg, halafu basi lingine mpaka pwani. Siku tano na usiku wake, kwenye kiti. Chakula cha njiani wabebe wenyewe, na siku nyingine wataruka mlo ili pesa ifike. Kulala hosteli, vitanda vya juu na chini, watu wanane chumba kimoja. Vifaa vya kuazima. Wajifunze kupumua na mtungi wa hewa siku chache, kisha papa.

Nikauliza nani huwaokoa papa akikasirika. Jepleting akaniambia boda boda za Nakuru zinaua watu wengi kuliko papa wa dunia nzima. Nikamwambia hata boda boda sijampa ruhusa apande. Wakacheka. Umaima akasema yeye akishaolewa hatakwenda popote tena isipokuwa jikoni na leba, kwa hivyo nimwache aone kitu kimoja tu.

Sikucheka. Siku tano bila kulala. Na njaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nataka kuandika sawasawa, kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Nilikuwa namenya viazi vya karai, vya kuuza. Umaima akakaa kwenye kigoda na simu yake, ana fomu ya afya kutoka kwa wale watu wa boti. Ni ya Kiingereza, anitafsirie tucheke. Moyo mzuri? Tiki. Mapafu? Tiki. Masikio? Halafu akasoma – umewahi kupata kifafa, degedege au kuzimia? Hata hakuniangalia. Akasema hapana, akabonyeza, akaenda kwa lile la mimba akacheka sana.

Kisu kikanipita kidoleni.

Alianza akiwa na miaka minne. Mamake, Nuria, maskini, alikuwa akimshika kichwa kisigonge sakafu. Daktari alituambia wazi wazi: asilale njaa, asikeshe, asiende majini peke yake. Babake, Salmin mwanangu, yeye alikuwa kwenye malori, na sasa yuko Juba na mke mwingine, hajui lolote. Nuria alipokuwa anakufa aliniambia, mama, akikua mwambie. Nikasema nitamwambia. Dawa nikampa kila usiku. Alipouliza nilimwambia ni ya minyoo, kisha ni ya damu. Alipofika miaka kumi na miwili ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuja, daktari akaikata dawa. Nikasema alhamdulillahi, imekwisha, ya nini kumpa mtoto jina baya? Mtaa huu ukishasikia msichana ana kifafa, anaozwa mzee au haozwi. Alipoingia kidato cha kwanza nikaichoma kadi ya kliniki kwenye jiko, isije ikaonekana na mtu shuleni.

Haikuwa imekwisha. Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, amefunga mchana na usiku amekesha kwenye sala, nikamkuta jikoni chini. Alipoamka nikamwambia umezirai kwa njaa. Akaamini. Mimi huaminika.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemgombeza kutwa. Nguo ya kuogelea, mahram wa kusafiri naye hana, Jalal atamwonaje, watu watasema nini. Yote isipokuwa lile moja.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepeleka bangili zangu kwa sonara. Zile sita za mama. Kijana akazipima akiwa anatafuna miraa. Sikuangalia mizani.

Hesabu yangu ni hii: akienda kwa ndege, atalala kitandani kwake, afike hajachoka, ale, alale tena. Haitakuja. Itakuwa kama haipo. Na mimi sitakuwa nimesema.

Nilimpa bahasha nikamwambia ni ya ndege, na asipokwenda kwa ndege asinijue. Akaangalia mikono yangu mitupu akalia. Akanibusu viganja. Nimejiona mwerevu sana.

Jumatatu, 22 Septemba

Amekata tiketi ya basi.

Nauli niliyompa ameongezea siku mbili zaidi za papa, yeye na Jepleting. Ananieleza akiwa na furaha, ananionyesha picha, ati huyu ana mistari kama punda milia. Nyanya, bila wewe ningewaona mara moja tu.

Nilikwenda nje nikashika ukuta.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimesema.

Alikuwa anakunja nguo. Nilifunga mlango, nikazima redio. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuzunguka lakini yalinitoroka.

"Umaima, wewe una kifafa. Tangu utoto. Nilikuficha."

Aliendelea kukunja.

"Nyanya, jana ilikuwa nguo ya kuogelea. Juzi papa. Wiki iliyopita Jalal ataniacha. Leo ni kifafa. Kesho utaniambia nina mimba?"

Nikaapa. Akasema usiape, utafunga siku tatu za kafara ya kiapo bure na sukari yako. Nikamwambia habari za dawa. Akasema uliniambia za minyoo. Nikamwambia za kliniki. Akasema niletee kadi.

Kadi!

Nikamwambia niliichoma. Akatikisa kichwa pole pole, kama vile mimi hutikisa kwa muuza nyanya anayenidanganya. Akasema ameshanijua, mimi nikikosa hoja huleta ugonjwa. Na ni kweli. Mwaka juzi alipotaka kuhamia Naivasha nilishika kifua siku mbili.

Nina miaka sabini na moja, mtu wa kusikilizwa ndani ya nyumba hii. Leo nimesema kweli nikaonekana mwongo.

Ijumaa, 26 Septemba

Ameondoka baada ya alfajiri. Alikuja kuniomba radhi, akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeapa sitampa. Nikaweka mkono nikampa. Sitaki afe bila radhi zangu – ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayo hayo.

Nimemfungia mayai, mahamri na njugu, mfuko mzima. Nimemwambia kila baada ya saa nne atie kitu mdomoni. Na alale. Hata ameketi, alale. Akasema ndiyo, Nyanya.

Jumapili, 28 Septemba

Jepleting ametuma picha kutoka Tanzania. Umaima macho mekundu, anacheka. Jepleting ameandika ati hawajalala hata lepe, dereva anapiga muziki usiku kucha.

Jumatatu, 29 Septemba

Umaima amepiga kutoka Lusaka. Kelele za stendi nyuma. Hakusalimu.

Aliuliza kama mamake alikuwa anajua. Nikasema ndiye aliyekuwa akikushika kichwa. Nilisikia mtu anaita abiria kwa lugha ya huko.

Kisha akasema, "Ramadhani. Nilipoamka pale jikoni, kwa nini nilikuwa na dera lingine?"

Ningeweza kusema lile la kwanza lilimwagikiwa chai. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Nilikubadilisha. Ulikuwa umejikojolea."

Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye. Nimepiga mara tisa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wamefika. Ameniarifu Jepleting, si yeye. Umaima amelala kuanzia jana mchana, hataki kuongea na mtu, atakuwa amechoka na safari. Nikamwambia mwache alale, usimwamshe hata kwa moto.

Jumamosi, 4 Oktoba

Jepleting anasema leo wameingia bwawani na mwalimu wakapumua na mtungi. Wote wawili. Umaima yuko sawa, ni kimya tu.

Kwa hivyo ameingia. Amewaambia au hajawaambia?

Nimeshika simu nimtumie Jepleting sauti, nimwambie mchunge mwenzako, ana hivi na hivi. Nimerekodi mara tatu nikafuta mara tatu. Jepleting ana mdomo. Akijua leo, Elburgon itajua kesho na Bondeni keshokutwa. Ndivyo nilivyowaza, na mtoto yuko ndani ya maji! Niandike hivyo hivyo nijisome mwenyewe. Mwanamke gani huyu.

Wale wa boti nambari yao ninayo, lakini Kiingereza changu ni cha darasa la nne. Kifafa kwa Kiingereza sikijui, na sitamwuliza mtu wa mtaa huu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemtumia Jepleting sauti. Nimesema yote. Ilinichukua dakika mbili, kitu nilichobeba miaka ishirini.

Hajaisikiliza. Kuna alama moja tu, si mbili, haijamfikia. Data itakuwa imewaishia, wanabana matumizi.

Kesho ndiyo siku ya papa. Boti inatoka saa moja asubuhi ya kwao, saa mbili ya kwetu.

Jumanne, 7 Oktoba

Saa mbili na nusu. Simu ya Umaima imezimwa. Ya Jepleting imezimwa. Bahari haina chaji, najiambia. Hawa wamefunga simu kwenye mkoba wakaenda. Sauti yangu bado alama moja.

Viazi nimeunguza karai nzima. Wateja nimewafukuza.

Saa tatu kasorobo. Hodi. Nilidhani ni mtu wa viazi. Ni Jannat, peke yake, amevaa buibui la nyumbani, hata kujipaka hakujipaka. Mwanamke huyo hajawahi kutoka nje hivyo.

Amekaa. Akatoa simu ya Jalal, si yake. Umaima alimwandikia usiku. Akanisomea, pole pole, miwani kwenye ncha ya pua.

"Jalal, nina kifafa. Nyanya aliwaficha ninyi na akanificha na mimi. Ukitaka kuniacha, niambie kabla sijarudi, nisije nikaambiwa mbele ya watu."

Basi. Hakuandika habari ya boti. Hakuandika kama anaingia au haingii. Nimemwomba Jannat arudie, nikidhani labda kuna mstari umempita. Hakuna mstari mwingine.

Jalal hajajibu, anasema mamake. Amejifungia chumbani tangu usiku. Anasubiri yeye arudi kutoka hapa na neno langu.

Kisha Jannat akafanya kitu ambacho sikukitazamia kwake. Akanishika goti. Akasema, Mama Salmin, wasichana huogopa ndoa, hata mimi niliogopa, nilimwambia babangu nina majini. Ukiniambia huyu naye ni woga tu, nitaamini, na hatutalitaja tena. Lakini niambie wewe. Mtoto anasema kweli?

Mlango amenifungulia mwenyewe, wazi kabisa. Neno moja tu. Harusi ipo, jina lipo. Na Umaima ndiye atakayekuwa mwongo, huko aliko, awe juu ya maji au chini yake.

Nimemwambia ngoja niweke chai. Nimesimama hapa jikoni, daftari juu ya debe la mafuta, jiko sijaliwasha. Saa tatu na robo. Sasa wangekuwa wamerudi kwenye boti. Au hawajarudi. Au yeye hakwenda kabisa, amekaa ufukoni anawatazama wenzake. Nimepiga tena. Imezimwa.

Jannat ananiita. Anasema hakuja kunywa chai.