Jua Lilipoingia Kanisani

Manga, Kisii
Jumatano, 4 Julai 1973

Kwako kaka yangu mpendwa Angwenyi,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na ukungu wa Manga, maana naandika asubuhi na mlima wote umejifunika, hata bweni la wasichana silioni kutoka hapa dirishani. U hali gani huko Nairobi? Kile kikohozi kilichokusumbua kimekwisha? Mimi ni mzima, ila chaki inanimaliza vidole. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua akitoka kuchuma chai. Baba naye hajambo. Usiruke hapo, tafadhali. Nimesema Baba hajambo, na leo nina mengi ya kukueleza juu yake.

Unaikumbuka klabu yangu ya sayansi na ufundi, ile uliyoicheka ukaniuliza kama tunajenga ndege? Hatujengi ndege, bwana mkubwa. Tumejenga gurudumu la maji pale kijitoni, linazungusha dinamo ya baiskeli, na taa inawaka. Inawaka kwa usingizi, lakini inawaka! Wasichana huketi ukingoni wakiitazama mpaka kengele ya chakula inawapita. Mwenyekiti wao ni Loice wa Kidato cha Tatu, mtoto mwembamba mwenye maswali ya kumfanya mwalimu atamani kujificha stoo.

Basi mwezi wa tano tukasikia redioni kwamba tarehe 30 Juni jua litapatwa, na huku kwetu litafunikwa karibu lote, wakati wa alasiri. Ah, kaka! Tangu siku hiyo tulitembea miguu haigusi chini. Tuliomba kasha kuukuu la majani chai, tukaziba kila ufa, tukatoboa tundu la sindano upande mmoja na kubandika karatasi nyeupe upande wa pili, ili picha ya jua iangukie humo ndani na mtu asiharibu macho kwa kulikodolea. Tulilijaribu, likafanya kazi, tukacheza ngoma darasani. Ndipo Eucabeth, mshika vifaa wetu, alipotazama kalenda ukutani akaziba mdomo kwa mkono. Tarehe 30 ilikuwa Jumamosi.

Wewe huhitaji kuelezwa. Ni Sabato, shule ni ya kanisa, na mzee wa kanisa ni baba yetu. Nilikwenda nyumbani kumwomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kupima na kuandika ni kazi, na kazi imepewa siku zake. Akaongeza kwamba klabu ikiigusa Sabato ataiambia bodi iifunge, na hatanionea haya eti kwa sababu ni binti yake. Nilijua hatanii. Tangu mwaka ule wa uhuru, ulipofanya mtihani wako wa fizikia Jumamosi na kurudi jioni ukakuta sanduku lako liko nje ya mlango, jina lako halijatamkwa mezani kwetu. Mama hukutaja jikoni tu, kwa sauti ya chini, huku akikoroga chungu ili asisikike.

Nilirudi shuleni nimekata tamaa kabisa. Loice akasema atakwenda mwenyewe. Alikwenda Jumapili na wenzake, wakamkuta Baba shambani akikata majani makavu ya migomba. Wananisimulia kwamba Loice alimwamkia kwa adabu zote, macho chini, kisha akamuuliza: Mzee, mama zetu hupika chakula cha Sabato siku gani? Baba akajibu Ijumaa, kabla jua halijazama. Loice akasema basi na sisi tutapika Ijumaa. Kasha litawekwa na kuelekezwa siku hiyo, na jua likifika Sabato litakuta kila kitu tayari. Hakuna atakayegusa, hakuna atakayepima. Baba akachomeka panga kwenye mgomba. Nadhani alitaka kucheka, ila hakucheka. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kila msichana awe kanisani kwenye ibada ya alasiri, tangu mwanzo hadi wimbo wa mwisho.

Sharti moja, lakini lilikuwa sharti! Ibada hiyo huisha saa kumi na moja, na jua lilikuwa lipatwe sana karibu na saa kumi. Kasha lingeliona jua peke yake, sisi tumeketi ndani. Wasichana walilia, nami nililia stoo nikasingizia vumbi. Lakini afadhali klabu iliyokosa jua kuliko kukosa klabu, kwa hiyo nikawaambia tutatii. Ijumaa tukaliweka uwanjani limeelekea magharibi, tukaliaga kana kwamba linasafiri.

Sabato ilianza na mawingu, yakapasuka mchana. Unalikumbuka kanisa letu na yale mabati yaliyong'olewa kwenye ghala la zamani, yaliyojaa matundu ya misumari? Baba husema kila mwaka kwamba yatazibwa. Alasiri jua hupenya humo na kumwaga vidoa vya mwanga upande wanakoketi akina mama. Baba alikuwa akihubiri. Mimi nilikuwa nikitazama vidoa tu, moyo wangu uko uwanjani.

Kwanza nilidhani naota. Vidoa vilianza kumegwa, kila kimoja upande uleule. Juu ya kitambaa cheupe cha jirani yetu, mama yake Nyasani, mgongoni mwa Eucabeth, sakafuni, ukutani, vyote vilikuwa vinaliwa polepole, vikawa vyembamba mfano wa mwezi mchanga. Kaka, kanisa zima lilijaa miezi! Nje mwanga ukawa wa ajabu, kama tuko chini ya maji safi, baridi ikashuka, na kuku wa mchungaji wakaanza kurudi bandani. Hakuna aliyepiga kelele. Watoto walikunjua viganja na kuvidaka, na hakuna mama aliyewakanya.

Baba alinyamaza katikati ya neno. Akashuka mimbarini, akanyoosha mkono, mwezi mmoja ukatua kiganjani mwake. Akauliza kwa Kikwetu, hiki ni nini. Wasichana wote wakageuka kunitazama, basi nikasimama. Nikaeleza kwamba kila tundu la msumari ni sawa na tundu la kasha letu, na kila kidoa ni picha ya jua lenyewe, hata kama tundu limechanika ovyo. Akauliza ni nani aliyenifundisha hayo.

Ningeweza kusema chuo. Ningeweza kusema kitabu, na ibada ikaendelea. Nilisema Angwenyi. Nilisema kwamba nilipokuwa mdogo ulinivuta chini ya meza nyumbani, ukanionyesha kidoa cha mwanga sakafuni, kilichopenya tundu la mlango, ukaniambia hilo si doa, ni jua limekuja kututembelea, na kwamba klabu yangu yote ilianzia chini ya meza ile. Nilisema jina lako kanisani, Sabato, mbele ya watu wote. Mama alifunika uso kwa leso.

Baba alisimama tu, kiganja wazi, mpaka ule mwezi ukaanza kunenepa tena. Mahubiri hakuyamaliza.

Jua lilipozama, tulikwenda kuliondoa kasha, akatufuata uwanjani. Akainama akachungulia ndani, ingawa giza lilikuwa limeingia na hakukuwa na chochote cha kuona. Akaniambia klabu iendelee, na mabati ya kanisa yaachwe yalivyo. Nikamshukuru, nikadhani amemaliza. Ndipo akaniuliza kama bado unakohoa.

Kumbe siku zote Mama akikutaja jikoni, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikiliza! Nikamweleza kwamba mapumziko yako ni Jumamosi na Jumapili tu, kwamba basi la usiku hufika huku Jumamosi asubuhi, na ndiyo maana hujathubutu kuja kulijaribu lango lake. Alingoja mpaka wasichana wakaenda zao na kasha. Kisha akaniagiza nikuandikie uje. Nikamuuliza, siku gani? Akasema niandike hivi: aje hata Jumamosi.

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno. Loice anakusalimu na anataka kujua kwa nini dinamo yetu inapata joto, kwa hiyo jiandae. Mama anasema usibebe chochote, ubebe kifua chako tu kikiwa kimefunikwa. Chakula chako kitapikwa Ijumaa, kabla jua halijazama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nyamoita